Kundi la Damu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Maabara, Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wale wanaotoka kliniki au kwenye zoezi la kuchangia damu wakiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa "B+" au "O-" bila maelezo zaidi. Maswali ni yale yale ya dirishani pa maabara hapa Mbeya, na mengine hupigwa kwa simu kutoka Iringa, Njombe na Songwe. Ukiyasikiliza vizuri, mengi hayaulizi habari za damu, yanauliza habari za ndoa. Tutayajibu hivyo hivyo. Ila swali ambalo kila mama mjamzito angepaswa kuuliza, lile la alama ya kujumlisha au kutoa iliyo mbele ya herufi, ndilo adimu kuliko yote, kwa hiyo nimelipa nafasi kubwa makusudi.

Kundi la damu ni nini hasa?

Chembe nyekundu za damu zina minyororo midogo ya sukari juu ya ngozi yake. Karibu kila binadamu anao mnyororo wa msingi uitwao H. Mwenye kundi A ana kimeng'enya kinachoongeza sukari ya aina moja kwenye ncha ya mnyororo huo. Mwenye B anaongeza sukari ya aina nyingine. Mwenye AB anaongeza zote mbili. Mwenye O haongezi kitu. Tofauti ni ndogo hivyo, na bado inatosha kuua mtu akiongezewa damu isiyo yake.

Inaua kwa sababu ya kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni. Mwenye A ana kingamwili dhidi ya B, mwenye B dhidi ya A, mwenye O dhidi ya zote mbili, na mwenye AB hana hata moja. Kingamwili hizi hazingoji uongezewe damu kwanza. Mtoto huanza kuzitengeneza mwenyewe akiwa na miezi mitatu hadi sita, mwili wake unapokutana na bakteria wa kawaida wenye sukari zinazofanana na hizo.

Nani aligundua mambo haya?

Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, mwaka 1901. Alichukua damu yake na ya wenzake wa maabara, akachanganya chembe za huyu na maji ya damu ya yule, akaona nyingine zinashikamana vibonge na nyingine hazishikamani. Alipata makundi matatu: A, B na lile aliloliita C, ambalo leo tunaliita O. AB lilionekana mwaka uliofuata. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener wakatangaza kitu kingine, Rh, ambacho ndicho kile kijalama cha kujumlisha au kutoa. Alizaliwa Juni 14, 1868. Ndiyo maana Siku ya Wachangia Damu Duniani ni Juni 14.

Mtoto anarithije kundi lake?

Jeni inayoamua A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama, naye akizaa humpa mtoto nakala moja tu, yoyote kati ya hizo mbili. A na B zina nguvu sawa, ndiyo maana zikikutana zote huonekana na mtu huwa AB. O ni kama mwanafunzi mkimya darasani: yupo kwenye daftari la mahudhurio, ila mwenzake akiongea humsikii. Kwa hiyo mtu aliyeandikiwa "A" anaweza kuwa na nakala mbili za A, au akawa na A moja na O moja iliyojificha. Kipimo cha kawaida cha maabara hakiwezi kumtofautisha.

Kwa nini O ikae kimya? Mara nyingi kwa sababu herufi moja tu ya vinasaba imedondoka katika jeni hiyo. Ikidondoka, maandishi yote yanayofuata yanapoteza mpangilio, na kimeng'enya kinachotoka hakifanyi kazi.

Kanuni hii haikutoka maabara. Mwanahisabati Mjerumani, Felix Bernstein, ndiye aliyeonyesha mwaka 1924, kwa kukokotoa takwimu za makundi ya damu za mataifa mbalimbali, kwamba jeni ni moja yenye sura tatu. Vinasaba vyenyewe vilikuja kusomwa miaka ya 1990, vikakuta hesabu yake iko sawa.

Mimi ni A, mke wangu ni A, mtoto ametoka O. Niambie ukweli.

Ukweli ni kwamba hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ninyi wawili kila mmoja ana A inayoonekana na O iliyojificha, na mtoto akachukua zile mbili zilizojificha. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa O. Na kila mimba inaanza hesabu upya. Kuwa na watoto watatu wa A hakumlazimishi wa nne awe O, wala kuanza na O wawili hakuwazuii wanaofuata kuwa O.

Vivyo hivyo kwa wazazi B na B. Na mmoja akiwa A, mwingine B, wote wakiwa na O iliyojificha, nyumba moja inaweza kuwa na watoto wa makundi yote manne bila mtu yeyote kukosea njia.

Kuna baba alikuja na karatasi mbili zimekunjwa mfukoni mwa shati, yake na ya mtoto. Yake B, ya mtoto A. "Hapa mtaalamu unaona mwenyewe," akasema, na tayari alikuwa ameinua sauti. Nikamuuliza, ya mama iko wapi? Hakuja nayo. Bila kundi la mama hesabu hiyo haifungi. Mama akiwa A na baba akiwa na B na O iliyojificha, mtoto wa A anapatikana vizuri tu. Mama akiwa AB, vilevile. Karatasi aliyoiacha nyumbani ndiyo iliyokuwa na jibu, lakini wengi wanaokuja na swali hili hawaiulizii hiyo.

Basi ni lini haiwezekani?

Kwa kanuni ya kawaida, mzazi wa AB hazai mtoto wa O, na mzazi wa O hazai mtoto wa AB. Wazazi wawili wa O huzaa O tu. Wazazi wawili wasio na B hawazai mtoto mwenye B. Na kwa A ni hivyo hivyo.

Ukikutana na hali kama hiyo, jambo la kwanza kushuku ni karatasi. Sampuli mbili zilipishana kwenye meza, jina liliandikwa la jirani wa kitandani, au mtu amelishika kundi lake kwa kichwa tangu alipokuwa shule. Mpimwe wote watatu upya, siku moja, maabara moja, kwa sampuli mpya. Malalamiko mengi huishia hapo.

Yakiendelea kuwepo baada ya hapo, bado kuna njia chache za ajabu ambazo maumbile yenyewe hupita. Wapo watu wasio na hata ule mnyororo wa msingi wa H. Waligunduliwa Bombay na kutangazwa mwaka 1952, nao hupimwa wakaonekana O ilhali wamebeba A au B, wakairithisha kwa mtoto. Wapo wenye A na B zikiwa zimekaa pamoja kwenye kromosomu moja, hivyo mzazi wa AB anaweza kutoa zote kwa mpigo au asitoe hata moja. Na zipo A dhaifu ambazo dawa za kupimia haziziamshi vizuri. Mojawapo, iliyoelezwa kwanza kwa watu weusi wa Afrika Kusini, wataalamu waliipa jina Abantu. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kuandikwa O akipimwa harakaharaka. Hali hizi ni nadra, nazitaja ili mtu asivunje nyumba kwa kijikaratasi.

Kundi la damu linaweza kuthibitisha kwamba mimi ndiye baba?

Haliwezi. Linachoweza, tena kwa tahadhari niliyosema, ni kumwondoa mtu kwenye orodha. Kuthibitisha ni kazi nyingine: mtoto wa O mwenye baba wa O hajathibitishwa chochote, maana hapa kwetu karibu nusu ya watu ni O. Wanaume wa stendi nzima ya Nane Nane wangeweza kufaa.

Hata kule kumwondoa mtu, watu hawakubali kirahisi. Mwigizaji Charlie Chaplin alishtakiwa Marekani kwamba amezaa na msichana mmoja. Vipimo vikaonyesha mama ni A, mtoto ni B, Chaplin ni O. B ya mtoto lazima ilitoka kwa baba, na Chaplin hakuwa nayo. Mwaka 1945 baraza la mahakama likamwona baba hata hivyo, akaamriwa atoe matunzo.

Anayetaka jibu la kweli anatafuta kipimo cha vinasaba, DNA. Hapa nchini kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Huendi mwenyewe na mtoto mgongoni. Maombi hupitia kwenye mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama, polisi, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Mamlaka ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Ushauri wangu, ambao hukuuomba: nenda ustawi wa jamii kwanza, kabla ya kumwambia mtu yeyote wa ukoo.

Kipimo chenyewe kinafanyikaje?

Kuna kigae cheupe chenye vishimo, na chupa tatu ndogo zenye vitone. Ya Anti-A ina rangi ya bluu, ya Anti-B ni ya njano, ya Anti-D haina rangi. Tunadondosha tone la kila dawa kwenye kishimo chake, tunaweka tone la damu yako pembeni, tunachanganya kwa kijiti, kila kishimo na kijiti chake, kisha tunakitikisa kigae polepole huku tunaangalia. Ndani ya dakika mbili damu inayolingana na dawa huanza kuonekana kama mchanga mwekundu, vibonge vidogo vikielea kwenye maji yaliyokuwa mazito sekunde chache zilizopita. Isiyolingana inabaki laini kama ilivyokuwa. Vibonge kwa bluu peke yake, wewe ni A. Kwa njano peke yake, B. Kote, AB. Hakuna popote, O. Kile kishimo cha dawa isiyo na rangi ndicho kinachosema chanya au hasi.

Kusubiri zaidi ya hapo ni kosa. Tone likianza kukauka kingoni huonekana kama limeganda, na mtu wa O anaandikwa A.

Hiyo ni nusu ya kipimo. Nusu ya pili inageuza mambo: tunachukua maji ya damu yako na kuyapambanisha na chembe ambazo tayari tunajua ni A na ni B, ili kuona kingamwili zako zinasemaje. Pande mbili zikikubaliana, jibu linaandikwa. Zikipingana, haliandikwi hadi sababu ipatikane. Kwenye benki ya damu hufanywa zote mbili na mara nyingi kwa mirija ya kioo, ambayo inaonyesha vizuri kuliko kigae. Kwenye maonyesho ya sabasaba, nanenane na mikusanyiko ya namna hiyo, unapotobolewa kidole na kupewa jibu umesimama, kwa kawaida ni nusu ya kwanza tu. Inatosha kwa kujua. Kwa kuongezewa damu haitoshi.

Kadi ya kliniki inasema B, ya kuchangia damu inasema O. Niamini ipi?

Usiamini hata moja, rudi upime. Ukilazimika kubashiri, ya wachangiaji ina uzito zaidi kwa sababu chupa ile hupimwa tena maabara ya damu salama. Ila hakuna mtaalamu atakayekuwekea damu kwa kubashiri.

Ni bei gani?

Ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini, na kila kituo kina bei yake ubaoni. Ukichangia damu unajua kundi lako bila kulipa.

Hiyo alama ya kujumlisha na kutoa ni nini?

Ni antijeni, yaani alama iliyo juu ya chembe nyekundu, iitwayo D, ya mfumo wa Rh. Ukiwa nayo wewe ni chanya, usipokuwa nayo wewe ni hasi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 1, mbali na ile ya ABO, kwa hiyo hizo mbili hazifuatani: ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa O chanya na O hasi. Wazazi wote wawili wakiwa chanya na kila mmoja ameficha hasi, mtoto mmoja kati ya wanne kwa wastani anatoka hasi. Wazazi wote hasi huzaa hasi.

Kwa Wazungu, hasi ni takribani watu 15 kati ya 100. Kwetu ni wachache zaidi, na uchache huo ndio hatari yenyewe, kwa sababu kituo kinaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mama hasi, na akija mmoja jioni ya Jumamosi hakuna aliyejiandaa.

Mimi ni mjamzito na nimeambiwa ni hasi. Nina ugonjwa?

Huna ugonjwa wowote, mama. Mimba ya kwanza kwa kawaida inakwenda salama. Tatizo linatengenezwa polepole, na ndiyo maana halionekani.

Ukiwa hasi na baba chanya, mtoto anaweza kuwa chanya. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huvuka ikaingia kwako. Mwili wako haujawahi kuiona antijeni ile, unaichukulia kama mvamizi na kuandaa kingamwili. Mtoto wa kwanza ameshatoka, hapati shida. Anayefuata, akiwa chanya, anakuta jeshi limeshajipanga. Kingamwili hizi, tofauti na zile nyingi za ABO, ni za aina inayopita kondo la nyuma. Zinaziharibu chembe za mtoto angali tumboni. Anaweza kuzaliwa na upungufu mkubwa wa damu, au akawa wa manjano kupindukia ndani ya siku ya kwanza, au mimba ikafia tumboni. Kila mimba inayofuata huwa nzito kuliko iliyopita. Mama aliyepoteza watoto wawili watatu kwa mfululizo huo, na jirani zake wakaanza kutajiana majina ya wachawi, anastahili kupimwa Rh kabla ya kitu kingine chochote.

Kinga ipo tangu mwaka 1968, nayo ni sindano ya Anti-D. Inaziondoa chembe za mtoto kwenye damu yako kabla mwili wako haujazikariri. Hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, na penye uwezo hutolewa pia mimba ikiwa na wiki 28. Hutolewa vilevile mimba ikitoka, ikiwa nje ya kizazi, au ukipata kishindo tumboni, tuseme umeanguka na bodaboda. Ikiwa kingamwili zimeshatengenezwa, sindano haizifuti. Kwa hiyo kabla ya kuchoma tunafanya kipimo cha Coombs kuona kama zimeshakuwepo.

Sasa fikiri jiografia yetu. Saa 72 ni nyingi ukiwa Mbeya mjini, karibu na hospitali ya wazazi ya Meta. Ukiwa milimani Ileje, Ludewa au Makete, mvua za Machi zimekata barabara, saa hizo zinakwisha ukiwa unasubiri gari. Sindano inahitaji jokofu na si kila kituo kinaiweka. Kwa hiyo kazi ifanyike mapema: mwezi wa sita au wa saba wa ujauzito, muulize muuguzi wa kliniki kwa maneno haya haya, "Mimi ni hasi, sindano ya Anti-D nitaipata wapi na lini?" Akikuambia utaona mbele ya safari, muulize mganga mfawidhi. Na mume aende akapimwe. Akiwa hasi kama wewe, na ndiye baba wa mimba hiyo, hofu yote inaisha kwa kipimo kimoja cha kigae.

Dawa yenyewe inatokana na damu ya watu waliojitolea. James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025, alichangia mara 1,173 kwa ajili hiyo.

Nimesikia Ulaya wanapima kundi la mtoto akiwa tumboni kwa damu ya mama. Kwa nini sisi hatufanyi?

Gharama, kwanza. Lakini kuna jambo la kitaalamu linalotuhusu sisi zaidi. Mzungu aliye hasi kwa kawaida hana jeni ya D kabisa, imefutika. Mwafrika aliye hasi, mara nyingi jeni anayo ila imeharibika ndani, haitoi kitu. Kipimo cha vinasaba kilichobuniwa kutafuta tu kama jeni ipo kitamwandika mtu huyo chanya. Vipimo vizuri vya sasa vinazingatia hilo. Ukitumiwa majibu kutoka nje, uliza kama chao kinazingatia.

Nimeandikiwa AS. Hilo ni kundi gani la damu?

Si kundi la damu. AA, AS na SS ni majibu ya kipimo cha himoglobini, yaani selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyosema. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11 na haina uhusiano na ABO. Hilo A la kwenye AS halina undugu na kundi A.

Nalitilia mkazo kwa sababu wachumba hutuuliza kama O anaweza kuoana na A, na hatuulizwi kabisa habari za AS. O na A waoane, B na AB waoane, chanya na hasi waoane kwa kufuata maelezo ya hapo juu. Wanaopaswa kukaa chini na mtaalamu kabla ya harusi ni AS na AS, kwa kuwa kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu. Wachungaji wanaodai vyeti vya vipimo kabla ya kutangaza ndoa wangetusaidia sana kuongeza hiki.

Kweli mwenye O haumwi malaria?

Anaumwa. Utafiti umeonyesha kwamba wenye O huwa na nafuu fulani dhidi ya malaria kali, kwa sababu chembe zenye vimelea hazishikamani kwa urahisi na chembe nzima za O. Nafuu hiyo haizuii kuugua. Mtu wa Tukuyu anayeshuka Kyela kuvuna mpunga alale ndani ya chandarua, awe O au AB.

Lipo kundi jingine ambalo limetukinga kweli, na hakuna anayeliuliza. Liko kwenye mfumo uitwao Duffy. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana antijeni za Duffy kwenye chembe nyekundu, na kimelea cha malaria cha aina ya vivax kinazihitaji ili kuingia. Ndiyo maana vivax, inayosumbua sana Asia, ni nadra kwetu. Ile inayotuua, falsiparamu, ina milango mingine.

Kundi langu linaonyesha tabia yangu, au chakula kinachonifaa?

Hapana na hapana. La tabia linapendwa sana Japani na limepimwa mara nyingi bila kuonekana kitu. La chakula vilevile. Kula ndizi zako.

Mwenye O ndiye mchangiaji wa wote?

Nusu yake ni kweli. Chembe za O hasi zinaweza kupewa karibu mtu yeyote wakati hakuna muda wa kupima. O chanya, kundi la wengi wetu, hawapewi wenye hasi, hasa msichana au mama anayetarajia kuzaa, kwa sababu ile ile ya kingamwili. Na maji ya damu ya O yana kingamwili dhidi ya A na B, kwa hiyo upande wa plazma mambo yanageuka: wa kuwapa wote ni AB.

Tukiwa na nafasi, kila mtu anapewa kundi lake.

Masharti ya kuchangia ni yapi, na damu yangu inakwenda wapi?

Umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, uwe na afya njema na damu ya kutosha, ambayo hupimwa hapo hapo. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Chupa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, pamoja na kundi. Kituo cha kanda yetu cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama kiko Mbeya.

Damu nzima hukaa siku 35 kwenye jokofu, chembe sahani siku tano tu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya wachangiaji ni wanafunzi, rafu hupungua shule na vyuo vinapofungwa. Ajali za Kitonga na za barabara kuu ya Tunduma hazifungi shule. Ukitaka kuchangia kwa faida kubwa, njoo Desemba.

Na damu haiuzwi. Mtu akikuomba hela ya chupa ya damu pembeni, omba risiti, kisha nenda ofisi ya mganga mfawidhi.

Kundi la damu linaweza kubadilika?

Halibadiliki kwa chakula, kwa kuhamia milimani wala kwa kuzeeka. Aliyepandikizwa uboho wa mfupa kutoka kwa mtu wa kundi jingine hubadilika kufuata uboho mpya. Baadhi ya magonjwa, kama saratani za damu, yanaweza kuidhoofisha antijeni isionekane vizuri. Na mtu aliyeongezewa damu nyingi karibuni huweza kuonyesha mchanganyiko kwenye kigae, hivyo tuambie.

Nimelichora kundi langu kwenye helmeti ya pikipiki. Nikipata ajali mtaniwekea damu haraka zaidi?

Hatutalitumia. Helmeti huazimwa. Ukifika hujitambui na unavuja, utaanziwa O huku sampuli yako ikipimwa. Ukifika kuna muda, tutakutoa damu mpya, tutapima kundi upya, kisha tutafanya krosimachi: chembe za chupa tunayotaka kukupa zinachanganywa na maji ya damu yako, kwa sababu mifumo ya makundi inayojulikana ni zaidi ya 40 na kigae kinaona miwili. Hatua hiyo huchukua muda, mara nyingi chini ya saa moja, na ndugu huko nje wanaona tunachelewesha. Waambie waliokuja nawe watuletee majina yako kamili na umri, na kama umewahi kuongezewa damu kabla. Hayo ndiyo tutakayowauliza dirishani.